Mara ya Mwisho Lini?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo, na mvua ikipiga mji mzima unakumbuka kwamba una nywele. Simu yangu haijanyamaza tangu asubuhi, na Jumatatu ndiyo siku tunayofunga saluni. "Mama Pasi, zimevimba!" "Mama Pasi, kesho nina kikao, niokoe!" Ningekuwa zimamoto ningeshapewa nishani.

Shajara hii nilipewa na mteja mmoja mwanzo wa mwaka, ikawa inakaa juu ya kabati bila kazi. Leo nimeishusha kwa sababu nina maneno na sina wa kumwambia. Maneno yenyewe yanamhusu wifi yangu, dada wa mume wangu, maana saluni ni yetu sote wawili. Nikimlalamikia mume wangu ananyanyua mikono juu na kusema, "Mimi simo." Haya, shajara, wewe umo.

Saluni yetu ni chumba kimoja: viti viwili, sinki moja, kioo kirefu, mlango wa mbele na dirisha la pembeni. Mimi nanyoosha nywele kwa keratini. Napaka dawa fungu kwa fungu, nakausha kwa drai, kisha napitisha pasi ya moto mpaka unywele unalala wenyewe. Kazi hiyo sijaona wa kunifikia, na nasema kwa kinywa changu. Wifi anaosha vichwa, anapanga zamu za wateja, na anasema hapana.

Leo mume wangu amepigilia nailoni nene dirishani, kwa sababu mvua ilikuwa inarusha maji mpaka kwenye soketi ya drai. Mimi ndiye niliyemwomba. Na si soketi tu: kukiwa na unyevu chumbani, pasi yangu haishiki vizuri, na mimi kazi nusunusu siiwezi. Wifi alisimama nyuma yetu, mikono kiunoni.

"Na hewa itapita wapi?"

"Mlangoni."

"Kwa hiyo mlango utakuwa wazi?"

"Wifi, mimi ninyooshe, mvua ikunje, tutamaliza lini? Mlango utafungwa."

Mume wangu aliendelea kugonga misumari. Yeye hayumo.

Jumanne, 4 Machi

"Mara ya mwisho lini?" Hiyo ndiyo salamu ya wifi. Mtu hajakaa, mwavuli bado unachuruzika, keshaulizwa. Leo kamuuliza karani wa benki, mteja wangu wa siku nyingi. Karani akajibu kwamba ni kama mwezi na nusu hivi. Wifi akamtia vidole kichwani, akapapasa ngozi, akavuta unywele mmoja taratibu. Ukakatika.

"Rudi mwezi wa tano," akamwambia. "Miezi ikitimia tutapaka zile zilizoota tu, huku chini hatugusi. Mitatu ndiyo ya chini kabisa, minne ni bora zaidi. Kwa mwaka mara tatu zinatosha, usizidishe."

"Na hizi zilizovimba nizifanyeje?"

"Zifunge kitambaa, uendelee na maisha."

Karani kaondoka kanuna. Mimi nilinuna kuliko yeye. Mtu kaja kwa miguu yake kwenye mvua, anataka kazi yangu, na wifi anamrudisha kama kakosea nyumba. Watu wanalalamika juu ya gubu la mawifi wakiwa nyumbani. Mimi langu nalipata nyumbani na kazini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vichwa vitatu. Wifi kafungua mlango, nikaufunga. Kafungua tena, nikaufunga tena.

Alhamisi, 6 Machi

Vivyo hivyo, pamoja na mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Siku nzima nimesimama. Kikohozi kimenianza saa za mchana, kikavu, cha kukera, kinakwaruza koo. Ni baridi hii tu. Mteja mmoja alilia machozi wakati napitisha pasi, akasema moshi wa dawa unamchoma macho. Nikampa kitambaa, nikamwambia tunakaribia kumaliza. Wifi akaenda kufungua mlango. Nikamwangalia kwenye kioo. Na yeye akaniangalia kwenye kioo. Nilimaliza fungu lile, nikaenda kuufunga.

Anafungua makusudi, najua. Anataka nyoosho langu lirudi kujikunja kabla mteja hajafika kwake, ili waseme Mama Pasi kaisha.

Jumatatu, 10 Machi

Kikohozi kimepona chenyewe. Nilisema ni baridi.

Jumanne, 11 Machi

Kimerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Leo kaja Mtangazaji, yule aliyenipa shajara hii. Ndiye anayesoma hali ya hewa kwenye televisheni, kila jioni baada ya habari. Namwita hivyo hata mbele yake, naye anacheka. Leo hakuwa na kicheko. Kashuka kwenye gari, kakimbilia mlangoni, na kwa hatua zile chache tu nywele zake zilikuwa zimeshaanza kunyanyuka.

"Mama Pasi, natabiri mvua halafu ndiyo inayoninyeshea," akasema. "Bosi kaniita. Anasema watazamaji wanatazama kichwa changu badala ya ramani."

"Mara ya mwisho lini?" Sauti ilitoka kwenye sinki.

"Mwishoni mwa Januari, dada."

"Basi bado."

"Dada, kuna nafasi ya kusoma habari kubwa. Wanachagua siku hizi hizi. Nimesoma mvua miaka yote, nami natamani niseme habari nyingine!"

Wifi alifuta mikono, akaja, akampapasa kichwa kwa upole mpaka nikashangaa. Alimwonyesha kwa kioo cha mkono sehemu ya kisogoni, nywele fupi fupi zilizokatika zenyewe. Akamweleza kwamba dawa ile inaushika unywele na kuukaza, na moto wa pasi unaufunga. Ukirudia kabla ya wakati, unakuwa mgumu na mkavu, halafu unavunjika. "Zikikua, tutapaka mizizi. Mwisho wa Aprili. Kabla ya hapo mimi simo."

Familia nzima haimo, nikawaza.

Mtangazaji aliangalia upande wangu. Mimi niliangalia pasi. Aliondoka kafunga nywele nyuma kwa nguvu, mpaka nyusi zimenyanyuka. Nilimwonea huruma kweli. Huyu dada ananiletea salamu hata asipokuwa na nywele za kutengeneza.

Jumanne, 18 Machi

Wifi kaleta tofali, kaliweka mlangoni ili usijifunge. Nimelitoa nje kwa mguu. Kalirudisha. Nimelitoa tena, nikajigonga kidole. Wateja wawili walikuwa wanatutazama kama wako sinema.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua haijapumzika tangu juzi, wala sisi. Nilipotoka kazini nilipanda ngazi za nyumbani nikaona giza, nikakaa katikati ya ngazi kama mgeni asiyejua anakwenda wapi. Mume wangu alinikuta pale.

"Kifua chako kinapiga filimbi," akasema.

"Basi cheza."

Hakucheza. Alichukua mkoba wangu, akanishika mkono mpaka juu. Nilitaka kumwambia naogopa kidogo, nikaona aibu.

Jumatatu, 24 Machi

Leo mzima kabisa. Nimefua, nimeanika barazani, nimesugua jiko, na filimbi haikusikika. Mtu akiniona leo atasema jana nilikuwa naigiza.

Alhamisi, 27 Machi

Tumegombana, na safari hii si kwa macho.

Nilikuwa nimeinama kwenye sinki nakohoa, nimeshikilia ukingo. Mteja alikuwa kesha­ondoka. Wifi kanisogezea kiti, kaniambia, "Wifi, nenda ukapime kifua."

"Ni baridi."

"Si baridi. Baridi haipumziki Jumatatu. Ni hii dawa. Punguza vichwa, au tuiache kwa muda."

Tuiache! Watu wanavuka mji kwenye matope kunifuata mimi na pasi yangu, na yeye anasema tuiache, kama mtu anayesema tuache kununua maua. Nikamwambia, "Sema tu unataka niondoke, saluni ibaki yako na kaka yako."

Akasema, "Haya," akachukua mwavuli wake, akatoka. Alisahau kufungua mlango, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nilijiona nimeshinda. Mchana mzima nilifanya kazi na ushindi wangu, na ushindi ulikuwa unanikwaruza koo.

Ijumaa, 28 Machi

Hatusemeshani. Tunapitia kwa wateja. "Mwambie Mama Pasi maji ya moto yapo." "Mwambie asante, nimeyaona." Mteja wa leo alisema atatutoza kwa kazi ya ukalimani. Hatukucheka, ingawa nilikaribia, na nadhani na wifi alikaribia.

Jumapili, 30 Machi

Mtangazaji kapiga simu. Nitaandika kesho.

Jumatano, 2 Aprili

Sikuandika kesho. Nilikuwa hospitali. Sasa niko nyumbani, nimeegemezwa mito kama mgeni wa heshima, na sina la kufanya ila kusema lilivyokuwa.

Jumapili Mtangazaji aliniambia Jumanne ndiyo siku atakayokaa mbele ya kamera kujaribiwa kwa habari kubwa. Alikuwa analia. "Nakuomba kama ndugu, mara hii tu." Nami nikasema njoo kesho, saluni imefungwa, wifi hatakuwepo. Nilisema haraka, kabla akili haijafika. Nilitaka kumsaidia, hilo ni kweli. Nilitaka vilevile kumwonyesha wifi kwamba kichwa alichokikataa mimi nakiweza. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lililonisukuma zaidi.

Jumatatu ilimwagika mvua ya kufa mtu. Mtangazaji alikuja kajifunika kofia ya koti. Nilifunga mlango kwa ufunguo, ili wifi akipita njia asitusukumie, maana anakaa mtaa wa nyuma tu. Kisha nikachukua taulo, nikaliviringisha, nikalikandamiza chini ya mlango. Harufu isitoke. Mwanga usionekane. Dirisha lilikuwa na nailoni yake. Nilijipongeza kwa akili zangu.

Wala sikumuuliza mara ya mwisho lini. Nilikuwa najua.

Nilianza upande wa kushoto. Niseme ukweli, ilikuwa kazi nzuri. Mafungu yalilala, yakang'aa, Mtangazaji akaanza kutabasamu kwenye kioo huku machozi yanamtoka kwa moshi. Mimi nakohoa, napitisha, nakohoa, napitisha. Ndipo nikafika kisogoni. Nilishika fungu, nikashusha pasi, na pasi ikaja na fungu lote. Lilibaki kwenye bamba la pasi, linafuka moshi. Kwenye kichwa palibaki kama brashi ya viatu.

Mtangazaji aliona uso wangu kabla hajaona nywele. "Nini?" akauliza. Nikafungua kinywa nimjibu, na hewa haikuingia.

Sijui nilieleze vipi. Nilivuta, na hakuna kilichoingia. Nilivuta tena, ikaingia kidogo mno, kama maji ya mrija ulioziba. Pasi ilinitoka mkononi. Nilikwenda mlangoni, nikashika ufunguo, vidole havikujua ufunguo unazungukia wapi. Mtangazaji alikuja na joho la saluni shingoni, akauzungusha, akavuta mlango. Mlango ukakataa. Taulo! Taulo langu la akili lilikuwa limejikunja chini ya mlango, na kila akivuta linabana zaidi. Alipiga magoti akaling'oa kwa mikono yote miwili. Tukaangukia nje, kwenye mvua, kwenye matope, mimi nimeshika kifua, yeye nusu kichwa kimenyooka na nusu kinavimba mbele ya macho yangu.

Hakushika kichwa chake. Nataka hilo liandikwe. Dada ambaye kazi yake ni uso wake alikaa matopeni akanishika mimi, na kwa mkono mwingine akampigia wifi.

Wifi alikuja anakimbia, povu la nguo mpaka kwenye viwiko. Alitazama mara moja tu. Alinikalisha vizuri, mgongo kwake, akamwambia Mtangazaji aite teksi. Kisha akaingia ndani ameziba pua, nikasikia nailoni inachanika, anaing'oa kwa kucha, misumari inadondoka. Sijui kwa nini alifanya vile, mimi nilikuwa nimeshatoka. Nadhani alikuwa na hasira na lile dirisha kuliko na mimi.

Kwenye teksi alinishika mgongo njia nzima. "Vuta pole pole, wifi. Toa pole pole. Vuta. Toa." Basi. Hakuuliza kwa nini Jumatatu. Hakuuliza kwa nini taulo. Angenitukana ningepata nafuu.

Hospitali walinivalisha kikombe cha mvuke puani mpaka kifua kikalegea. Daktari, mtu mpole mwenye sauti ya usingizi, aliniuliza nafanya kazi gani, dawa gani, dirisha likoje.

"Chupa imeandikwa haina fomalini," nikamwambia, tayari nimejitetea.

"Baadhi zimeandikwa hivyo, mama, na zikipata moto hutoa moshi wa hiyohiyo, ndio unaochoma macho na kifua. Njia zako za hewa zimekasirika. Ukiziacha zipumzike, zinaweza kutulia. Ukiendelea, zitazoea kukasirika, na mwishowe harufu ndogo tu itatosha kukulaza."

"Nikivaa barakoa?"

"Ya kitambaa inazuia vumbi. Hii ni hewa, inapita."

Mume wangu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Daktari akauliza nani atahakikisha napumzika. Nilisubiri aseme hayumo. Akasema, "Mimi. Nimo."

Jumamosi, 5 Aprili

Nimelala. Mvua. Mtangazaji hakwenda kujaribiwa. Nafasi imepewa mwingine. Alinipigia yeye kunijulia hali, na mimi ndiye niliyelia.

Jumatano, 9 Aprili

Wifi kaja na uji. Kauweka mezani, kaniuliza kifua, nikasema afadhali. Kakaa kidogo. Kila mmoja alikuwa na maneno, na kila mmoja alimwachia mwenzake aanze. Kaondoka na bakuli.

Jumapili, 13 Aprili

Mume wangu kaweka dirisha jipya saluni, kubwa, la kufunguka pande mbili, na feni ya kutolea hewa juu yake. Nimefurahi mno. Nimepata njia: dirisha wazi, mlango wazi, feni inavuma, nitarudi kwenye pasi yangu kama kawaida. Daktari alisema nipumzike, na nimepumzika. Bila pasi mimi ni nani? Hata jina langu mjini ni la pasi. Watoto wa jirani hawajui jingine.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimerudi. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke wa duka la vitambaa, miezi minne imetimia, ngozi safi, hana mimba, wifi mwenyewe kampitisha. Dirisha wazi, mlango wazi, tofali limekaa mahali pake na mimi mwenyewe ndiye niliyeliweka. Mvua nyepesi ilikuwa inaingia mpaka kwenye zulia. Nilipaka, nikakausha. Nikashika pasi, mkono wangu ukafurahi kama umekutana na ndugu.

Fungu la tatu, kikaja. Kikohozi, kama kidole cha ndani kinachobonyeza kifua. Nikajifanya nasafisha koo. Fungu la nne, filimbi. Nikasogea dirishani nikavuta hewa, nikarudi. Wifi alinitoa pasi mkononi. Hakuipokonya, aliitoa kama unavyomtoa mtu mtoto aliyelala mikononi. Akaizima. Akamwambia mteja, "Samahani sana, dada, leo tutakuosha dawa yote, tukusuke vizuri, na hutulipi." Mwanamke wa vitambaa alinitazama, akasema haya, akaenda sinki mwenyewe.

Alipoondoka wifi kaniambia, "Kaa."

"Wapi?"

"Kwenye kiti."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Sijui mara ya mwisho nilikaa pale lini. Kanivisha joho, kafunga nyuma ya shingo, kasimama nyuma yangu, vidole kichwani pangu, tunatazamana kwenye kioo.

"Mara ya mwisho lini?" akauliza.

Nilitaka kucheka. "Wifi, mimi sijawahi kupaka, unazijua nywele zangu."

"Siulizi kuipaka. Nauliza kuivuta."

Nikaangalia pasi iliyozimwa.

"Mara ya mwisho lini?"

"Leo."

"Na kabla ya leo?"

"Ile Jumatatu."

"Na kabla ya hapo?"

"Jumapili. Jumamosi." Nilihesabu kwa vidole chini ya joho. "Ijumaa. Alhamisi."

"Karani nilimrudisha kwa mwezi na nusu," akasema. "Mtangazaji vilevile. Kila mtu anayeingia hapa anataka kujua apake mara ngapi asidhurike, nami namjibu. Kichwa kimoja, mara tatu kwa mwaka, kinakwenda zake. Wewe umevuta ya wote. Ungekuwa mteja wangu, wifi, ningekurudisha kila siku." Akalegeza fundo la joho shingoni pangu. "Ule mlango. Ulidhani nafungua nitazame mvua?"

Niliona kila kitu nyuma yangu, kama mtu aliyewashiwa taa chumbani. Mlango, mlango, mlango. Tofali.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukasema nataka saluni."

Nililia pale kwenye kiti, na joho shingoni, na wifi akalia nyuma yangu, na kioo kikatuonyesha wote wawili, wabaya kweli. Nilimwomba msamaha. Nilisema kwa maneno kamili, si kwa uji wala kwa mteja. Kisha nikasema lile lililokuwa limenikaa.

"Na bila pasi mimi nitakuwa nani?"

Wifi alifuta pua kwa mkono wa nguo.

"Utakuwa wifi yangu anayepumua," akasema.

Jumamosi, 19 Aprili

Chupa zote tumezirudisha kwa aliyetuuzia. Pasi nimeiweka kabatini. Sikuitazama sana.

Alhamisi, 24 Aprili

Wateja wamepungua, tusidanganyane. Mchana wa leo tulikuwa wawili tu na feni. Wifi kanifundisha kuosha kichwa anavyoosha yeye, maana miaka yote nilidhani ni maji na povu tu. Kanisema mikono yangu ina pupa. Nimemwambia yake ina usingizi. Tumecheka mpaka nikakohoa, na tukanyamaza wote tusikilize. Kilikuwa kikohozi cha kicheko. Hakikurudia.

Jumamosi, 26 Aprili

Mtangazaji kaja. Wiki zote hizi amesoma mvua na kitambaa kichwani. Alipokifungua niliiona kazi yangu: kushoto zimelala kama waya, kulia zimejaa, kisogoni kipara kidogo chenye vinyweleo vipya. Nilimwambia sina dawa tena, nina mkasi.

"Kata," akasema, akafumba macho.

Nilikata kwa muda mrefu. Unywele wake mwenyewe, ule uliozaliwa naye, ulikuwa chini ya vyote hivyo, laini, unajikunja vizuri, haukujua kwamba tulikuwa tunagombana juu yake. Nilimfuata umbo la kichwa, nikamwacha mfupi pande zote, mrefu kidogo juu. Niligundua mkono wangu unajua kazi hii pia. Haikuwa pasi iliyokuwa na ujuzi, kumbe.

Alipofumbua macho alijigusa shingo. "Nimekuwa mwembamba," akasema. Kisha akacheka, na kile kicheko nilikuwa nimekikosa.

Jioni tuliwasha televisheni sote watatu, mimi, mume wangu na wifi. Alisimama mbele ya ramani na kichwa chake kidogo kizuri, akasema kesho kutakuwa na mvua kubwa, kwa sauti ya mtu ambaye haimhusu.

Jumatano, 7 Mei

Wanne wameuliza nani alimkata Mtangazaji. Wifi kawaandika wote. Ananiita Mama Mkasi. Namwambia aache, na hataki kuacha, na sitaki aache.

Jumanne, 20 Mei

Karani wa benki karudi, mwezi wa tano kama alivyoambiwa, kavumilia kwa adabu zote. Ilibidi tumwambie hatupaki tena. Alisikitika, akauliza basi aende wapi. Sikutaka kumdanganya kwamba ni lazima aache. Ni nywele zake, na miezi yake imetimia. Wifi akamwambia atafute saluni yenye madirisha makubwa, ahesabu miezi yake kama kawaida, apake mizizi tu.

Mimi nikaongeza moja. "Na ukifika, kabla hujakaa, msikilize anayekupaka. Akikohoa, mwambie afungue mlango. Akikataa, ondoka, lakini mwambie kwanza kwa nini unaondoka."

Alifunga mkoba wake. "Nitamwambia Mama Pasi kasema," akajibu.

Ijumaa, 30 Mei

Nadhani hii ndiyo mvua ya mwisho, kwa jinsi ilivyokuja na hasira na kuisha haraka. Ilitukuta na vichwa viwili vitini. Upepo ulirusha maji kupitia dirisha kubwa la mume wangu, yakafika kwenye zulia, yakafika kwenye viatu vya mteja, tofali likaanza kuteleza. Wifi aliacha sinki, akakimbilia mlangoni, akashika kitasa. Yeye ndiye anayepiga deki.

Akageuka kunitazama. Nilikuwa na mkasi mkononi na kifua kimejaa hewa ya mvua, baridi, safi, mpaka chini kabisa.

"Nifunge?" akauliza.

"Acha wazi," nikamwambia.